Jozi Arobaini na Mbili Jaladani

Umeme ulikatika saa nne na robo asubuhi, watu kumi na saba wakiwa kwenye foleni ndani ya duka la uchapaji, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Mashine ya kunakili ikakoroma mara moja, ikanyamaza. Watu wakaguna kwa pamoja utadhani wamefanya mazoezi. Mwanamume mmoja, aliyekuwa akisukumwasukumwa tangu mlangoni, akasukumwa kwa mara ya mwisho, na boksi alilolikumbatia likamponyoka.

Karatasi zikatapakaa sakafuni. Zilikuwa za daftari, zenye mistari, kila moja na mwandiko wake, nyingine na alama ya kikombe cha chai.

"Jamani, msikanyage!" akapiga kelele. "Hizo ni insha za watoto!"

Nyuma ya kompyuta iliyozimika alitoka binti wa miaka ishirini na tisa, gauni la manjano lenye mifuko miwili mipana, penseli imechomekwa kwenye nywele, wino mweusi umekauka kiwikoni. Dukani walimwita Pambizo. Jina hilo alilipata kwa ubishi wake, maana hakuna mteja aliyewahi kumshawishi aibane ile nafasi nyeupe ya pembeni mwa ukurasa ili maneno mengi yaingie. Alipiga magoti akaanza kuokota.

"Pole, kaka. Ni ngapi hizi?"

"Mia moja na arobaini. Hakikisha umehesabu, kila moja ina mama yake."

Pambizo akainua macho. Alimwona mtu mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate, vumbi la chaki kwenye mfuko wa kifuani, na tabasamu la mtu aliyezoea kuomba radhi kabla hajakosa. Moyo wake ukapiga hatua moja pembeni. Akaurudisha mahali pake, akaendelea kuokota.

"Ni za jarida la shule," mwanamume akasema. "Jumamosi ya wiki ijayo wazazi wanakuja, nami nimeahidi jarida."

"Limeshasanifiwa?"

"Limeshaahidiwa."

Pambizo akacheka kwa sauti, watu wa foleni wakageuka kumtazama.

"Usinicheke, dada. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwenye kikao nilinyoosha mkono niombe chaki, nikajikuta mhariri. Miaka saba shule haijatoa jarida, na Mkuu wa Shule kasema hili likiwa baya halitakuwepo jingine."

"Haya, Mhariri. Jalada unalitaka vipi? Picha ya nani, iwe kubwa kiasi gani, na maua yakae kona ipi?"

Alimuuliza hivyo kwa sababu ndivyo wateja walivyotaka siku zote.

"Mimi najua milima na mito tu. Wewe unaonaje?"

Swali dogo, lakini hakuna mteja aliyewahi kumuuliza Pambizo. Kwa miaka sita pale dukani alikuwa ametengeneza kadi za harusi, matangazo ya misiba, vyeti na vibandiko vya chupa, na hakuna kazi hata moja iliyotoka mlangoni kama alivyoiona kichwani. Kila mteja alikuja na kidole chake: sogeza hapa, kuza pale, weka nyekundu. Bosi wake, mzee mmoja wa miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kifuani, alimwambia asihangaike. Pambizo alihangaika vilevile. Alitaka kitu kimoja tu duniani, atoe kazi moja iliyo yake kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho, na jina lake liandikwe ndani.

"Ninavyoona," akasema polepole, "nije kwanza niione hiyo shule."

Alikwenda Jumatano. Mwalimu alimtembeza kila mahali ambapo shule hupenda kuonyesha wageni: geti, bustani, kabati la vikombe. Pambizo alitazama kwa adabu na hakutoa kamera. Kisha wakapita mbele ya chumba cha kompyuta, akasimama ghafla hata Mwalimu akampita hatua tatu.

Mlangoni kulikuwa na viatu. Wanafunzi waliokuwa ndani walivivua ili vumbi lisiingie kwenye mashine, wakavipanga mistari sita sakafuni. Jozi arobaini na mbili, zote nyeusi, na hakuna mbili zilizofanana. Kimoja kilikuwa kimelalia upande kwa kukanyagwa kisigino. Kingine kilimeremeta kama kimetoka dukani jana. Kingine, mstari wa tatu, kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Ndilo hili," Pambizo akanong'ona. "Jalada ndilo hili. Nipe kiti."

"Viatu?"

"Nipe kiti, Mhariri, kabla kengele haijalia wakavivaa!"

Alipanda kitini, gauni la samawati likapepea, Mwalimu akashika miguu ya kiti kwa mikono miwili.

"Ukianguka nitamwambia nini bosi wako?"

"Mwambie nilianguka nikiwa kazini. Na usitazame juu."

"Natazama viatu, wallahi."

Akapiga picha kumi na mbili. Alipokuwa akishuka, kishindo cha viatu vya visigino kikasikika toka mwisho wa korido, na Mwalimu akaachia kiti akasimama wima, mikono nyuma, kidevu juu. Mkuu wa Shule akapita, mama mnene wa suti ya zambarau, akawapa salamu ya kichwa, akaenda zake.

"We!" Pambizo akasema. "Ulikaribia kuniua."

"Alinifundisha darasa la tano," Mwalimu akajitetea, masikio yamemwiva. "Visigino vile nikivisikia bado natafuta kalamu."

Kuanzia siku hiyo simu zilianza. Kwanza zilikuwa za kazi. Ukubwa wa maandishi, aina ya karatasi, shairi lenye beti tisa lililotakiwa kukaa ukurasa mmoja. Baadaye kazi ikawa kisingizio tu, na wote wawili walijua, ila kila mmoja alimwachia mwenzake heshima ya kujifanya hajui.

Ijumaa alasiri Mwalimu alikuja dukani na karanga za kukaanga, akaketi kando ya kompyuta wapange ukurasa wa yaliyomo. Alikuwa ameleta orodha yake: Hotuba ya Mkuu wa Shule, Hotuba ya Mwenyekiti wa Bodi, Hotuba ya Mgeni Rasmi, Salamu za Kamati, kisha mwishoni, mstari mmoja, Insha za Wanafunzi.

"Futa," Pambizo akasema.

"Yote?"

"Mhariri, mzazi akipewa jarida anafungua wapi kwanza? Hapa. Anatafuta jina la mwanawe. Akilikuta, anafunga anakwenda kumwonyesha jirani. Wewe umemwandikia hotuba nne na kumficha mtoto wake kwenye mstari mmoja."

"Basi waandikwe wote? Na madarasa yao?"

"Wote. Hotuba ya Mkuu ipewe ukurasa wa tano, yenyewe peke yake, kwa heshima. Hizo nyingine zikutane huko nyuma zisalimiane."

Mwalimu alimtazama badala ya kutazama kompyuta. "Hivi wewe, kipenzi, ulikuwa wapi miaka yote hii?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Pambizo akaweka karanga mdomoni ili asijibu, akasahau kutafuna.

Sasa, Pambizo alikuwa na mazoea yake ya kazi. Mstari ambao maneno yake hayajafika hakuuacha mtupu hata siku moja. Aliujaza maneno yoyote, apime kama ukubwa unafaa, kisha akayafuta maneno halisi yalipopatikana. Jumamosi, mistari mitatu ya yaliyomo ilikuwa bado haina kitu, naye alikuwa na furaha iliyomzidi kimo. Akaandika:

Ukurasa wa 31: Tabasamu la Mhariri, je, lina dawa?

Ukurasa wa 34: Mwalimu wa Jiografia na safari ndefu kuliko zote, kutoka mlangoni hadi mezani kwa Mkuu wa Shule.

Ukurasa wa 36: Kwa nini Mhariri hajanialika chai? Uchunguzi unaendelea.

Akautuma kwenye simu ya Mwalimu, acheke. Kisha akatengeneza ukurasa safi, mistari mitatu imeachwa na nukta, akautuma nao.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Jumatatu asubuhi Mwalimu alikuwa zamu getini, huku anahesabu waliochelewa, huku Mkuu anampigia simu akiutaka ukurasa wa yaliyomo sasa hivi. Akabonyeza wa kwanza aliouona. Saa nne, kwenye chai ya walimu, Mkuu aliusoma kwa sauti, mstari baada ya mstari, uso mkavu. Alipofika ukurasa wa 34 walimu walikuwa wameshika mbavu. Alipomaliza wa 36, mwalimu wa hesabu alimwaga chai yake.

Mwalimu alipiga simu saa sita. Pambizo akaipokea kwa cheko.

"Mhariri wangu! Umeshapata dawa ya tabasamu?"

"Ulikuwa unanicheka muda wote huo?"

Akamweleza. Pambizo akakaa kwenye kiti taratibu.

"Nilikuandikia wewe. Wewe peke yako! Wa pili ndio ulikuwa wa kumpa yeye."

"Niliiamini kazi yako, sikufungua. Basi sasa najua unavyoniona. Mwoga."

"Mpenzi, ule ni mzaha..."

"Mbele ya watu thelathini haukuwa mzaha. Na kitu kingine. Mkuu ameliona jalada, amesema viatu vitoke. Anasema wazazi wataona ni shule ya mafukara. Anataka picha yake jaladani, ile ya suti ya zambarau."

"Na wewe ukasemaje?"

Mwalimu alikohoa upande wa pili.

"Mwalimu, ukasemaje?"

"Nimekubali."

Pambizo aliona kama mtu amemzimia taa. Aibu ya yule mwanamume ilimuuma kweli, na angemwomba radhi mpaka jioni. Lakini viatu vyake! Mtu wa kwanza aliyemwuliza anaonaje ndiye aliyeviuza, bila hata kumuuliza mara ya pili.

"Sawa," akasema, sauti imekauka. "Nitaweka picha ya Mkuu. Ila jina langu lisiwemo humo ndani. Weka la yeyote."

Akakata simu yeye kwanza.

Jumanne haikulia. Jumatano haikulia. Nyumbani mama yake alimtazama akiigeuza simu juu chini, chini juu, akampakulia chakula zaidi kuliko kawaida, hakusema kitu. Kazini alitengeneza jalada lile jipya shingo upande, lakini alilitengeneza vizuri, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya vibaya. Mkuu wa Shule alitokea akiwa na heshima zake zote, na ngozi yake ikang'aa bila kuongezewa chumvi. Bosi alilitazama kwa miwani yote miwili.

"Ni zuri, mwanangu."

"Ni zuri, bosi. Si langu."

Mzee akamtengea chai kando ya kibodi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Pale dukani kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Mashine haiwashwi mpaka mteja aje mwenyewe atie sahihi kwenye nakala ya mwisho, maana wino ukishakula karatasi hakuna wa kuulaumu. Alhamisi saa nane mchana ndio ilikuwa mwisho. Saa nane kasoro dakika tano Mwalimu akaingia, macho yamezama kama ya mtu asiyelala. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Pambizo alikuwa amevaa nyeusi juu mpaka chini, na hakuna aliyekufa.

"Habari," Mwalimu akasema.

"Nzuri. Sahihi hapa, na hapa."

Alimsogezea jalada na kalamu. Mwalimu akaishika kalamu. Akaitazama picha ya Mkuu kwa muda mrefu, watu nyuma yake wakaanza kukohoa. Kisha akaiweka kalamu mezani.

"Sitii sahihi."

"Usinichezee, Mwalimu. Mashine inasubiri."

"Isubiri." Akatoa simu, akabonyeza, akaweka sauti ya nje ili Pambizo asikie. Foleni nzima nayo ikapata nafasi.

"Mama Mkuu, shikamoo."

"Marahaba. Umeshatia sahihi?"

"Bado. Sitatia."

Mtu mmoja kwenye foleni akasema "Eh!" akazibwa mdomo na mwenzake.

"Nimeuona ubao wa matangazo leo asubuhi," sauti ya Mkuu ikasema, nzito. "Umebandika ile picha ya viatu. Nani alikuruhusu?"

"Hakuna."

"Wanafunzi wamesongamana hapo mapumziko yote. Kengele imelia hawakuisikia. Nilikwenda kuwafukuza."

"Najua, Mama Mkuu. Nilikuona dirishani. Hukuwafukuza."

Pambizo alijikuta ameishika meza.

"Kuna yule mwenye kiatu cha uzi mwekundu," Mkuu akasema, na sauti ilikuwa imepungua uzito. "Nilidhani atajificha. Kumbe anawavuta wenzake mashati, 'kile changu, mama alishona mwenyewe!' Kama aliyeleta kombe."

"Mama Mkuu, nilikubali picha yako kwa sababu nilikuwa nimechekwa. Sikukubali kwa sababu ni bora. Niliona aibu yangu, nikatoa kazi ya mtu mwingine kuilipia. Kazi ile si yangu kuitoa. Wewe ulinifundisha kutaja aliyefanya hesabu, hata kama jibu umeliandika wewe."

"Kwa hiyo picha yangu mbaya?"

"Nzuri sana. Ikae ukurasa wa tano, kando ya hotuba yako, na watu wataitafuta. Jalada ni la watoto."

Mashine, bosi, foleni, kila kitu kilisubiri.

"Tia sahihi ya viatu, kabla sijabadili nia," Mkuu akasema. "Wazazi wakilalamika nitawaleta kwako. Na huyo binti wa yaliyomo yuko hapo?"

"Yupo, anakusikia."

"Binti, ile safari uliyoiandika ukurasa wa thelathini na nne imekwisha. Amefika mezani. Sasa afanye haraka."

Simu ikakatika. Duka likalipuka kwa makofi, mama mmoja mwenye bahasha akapiga kelele, "Haya, sasa peaneni mikono tuhudumiwe!"

Pambizo hakupeana mkono na mtu. Aliinama akafungua droo, akatoa jalada la viatu ambalo hakuweza kulitupa, akalisogeza mbele ya Mwalimu. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta.

"Nisamehe," alisema. "Nilichokuandikia nilikuandikia kwa mapenzi, lakini kilikuwa na mwiba."

"Kilikuwa na ukweli, ndiyo maana kilichoma. Mimi ndiye wa kusamehewa. Nilikuuliza unaonaje siku ya kwanza, siku ya shida nikaacha kukuuliza."

"Usirudie."

"Sirudii, mpenzi wangu."

"Basi tia sahihi, unachelewesha watu."

Alitia. Kisha akaichukua kalamu ileile, akafungua ukurasa wa pili wa nakala ya mwisho, na chini ya neno Usanifu akaandika kwa mkono majina matatu ya Pambizo, kamili, herufi kubwa. Pambizo akayaingiza kwenye kompyuta, bosi akawasha mashine. Ikanguruma, sakafu ikatetemeka, na jozi arobaini na mbili zikaanza kutoka, jalada baada ya jalada, uzi mwekundu ukiwa mwekundu kwelikweli.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Pambizo alikuja na gauni la kijani lililombana kiunoni na kumwachia chini, akaketi nyuma kabisa. Majarida yakagawiwa. Akaona jambo ambalo alilijua kwa akili tu. Mamia ya watu waliangalia jalada, wakanyamaza kidogo, wakatabasamu, kisha wote wakafungua ukurasa wa yaliyomo, na vidole mamia vikateremka juu ya karatasi kwa wakati mmoja. Hapa na pale mtu akapiga ukelele, "Huyu hapa!" Baba mmoja alisimama juu ya benchi kumwonyesha nduguye aliye upande wa pili wa ukumbi. Hakuna aliyelalamikia viatu. Waligombania kuvitambua.

Mkuu wa Shule akapanda jukwaani, suti ya zambarau imenyooka, jarida mkononi. Hakusoma hotuba. Alisoma majina matatu ya ukurasa wa pili, polepole, akasema mwenye majina hayo asimame. Pambizo akasimama. Ukumbi wote ukageuka kumwangalia, na ukumbi wote ukasimama pia. Miaka sita ya vidole vya watu ikamtoka mwilini. Alisimama pale, kazi yake iko mikononi mwa kila mtu, yote, na hakuna hata nukta iliyosogezwa.

Nje, kando ya mabomba ya maji, Mwalimu alimngoja amevaa tai iliyokaa upande. Pambizo akainyoosha bila kuulizwa.

"Nataka kuja kwenu," Mwalimu akasema. "Rasmi. Na watu wangu."

"Kwetu kuna baba, anauliza maswali mengi."

"Nitajibu."

"Kuna mama, hasemi kitu, anatazama tu."

"Huyo ndiye anayenitisha. Nakuja hivyohivyo. Nataka kukuoa. Nimesema kwa sauti, hata wale wanaonawa mikono pale wamesikia."

Waliokuwa wananawa walikuwa wamefunga mabomba kabisa, wanasikiliza bila haya. Pambizo akacheka, akalia, akacheka tena, akasema ndiyo mara tatu, kisha akatoa simu kwenye mkoba palepale.

"Mama? Jumapili ijayo usitoke. Tuna mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wangu, mama."

Upande wa pili yule mama asiyesema kitu akavuta pumzi. Kigelegele kilichofuata kilikuwa kirefu na kikali hata Pambizo akaiondoa simu sikioni, na wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji wakakidaka, wakakipeleka hadi ukumbini.